Filimbi ya Kapteni

Filimbi ililia mara tatu, kali, upande wa uwanja wa mnada. Tulikuwa shambani tunang'oa miti ya pamba, hatukuona kitu. Lakini kijijini kwetu Nkoma filimbi tatu zina maana moja: ng'ombe wameibwa. Nikashika rungu, nikapiga mwano, lile yowe ambalo mwanamume akilisikia asitoke, kijiji kinamtenga.

Mtu mgeni, kanzu ameipandisha kwa mkono, alitoka uwanjani mbio.

"Huyo mwizi wa ng'ombe! Mkate njia!" alipaza sauti kaka yangu Nyanda.

Anayekimbia mwano ndiye mwizi. Nilimfikia wa kwanza. Kwa mbio hakuna wa kunishinda Nkoma. Rungu langu lilimpata nyuma ya sikio. Alipoanguka wenzangu wakamfunika kwa fimbo, mawe na mateke. Kwetu lazima kila mtu apige, ili aliyeua asijulikane.

Filimbi ikalia tena. Tukazidi kupiga.

Mzee mmoja akapenya, akamlalia yule mtu. Tulikwisha kumvunja mzee huyo mkono ndipo tukamtambua: Kapteni Masalu, miaka ishirini na miwili jeshi la majini, sasa vyama vingi vimekuja na yeye amerudi kwao kuomba ubunge. Filimbi ya shaba ilining'inia shingoni.

"Ng'ombe gani kaibwa?" aliuliza, mdomo umejaa damu. "Filimbi nimepiga mimi! Nilisahau maana yake hapa; melini ikilia, watu wananyamaza. Nilitaka wanyamaze nihutubie. Mlipoanza kuua nikapiga tena, muache!"

Aliyelala chini alikuwa Tajudin, mwenye duka Bariadi, aliyekuja kufunga vipaza sauti vya mkutano. Alikimbia kwa sababu aliona marungu mia yanamjia. Hakupumua tena.

Mpambe wa Kapteni, Joakim, aliinama. "Tuseme alikuwa mwizi, mzee. Kura zetu ziko hapa."

"Andika barua. Najitoa kugombea." Kisha Kapteni akatugeukia. "Nani alianza?"

"Sote," Nyanda aliwahi kujibu.

Jioni Sikuzani, mke wa marehemu, alifika kwa lori la wanunuzi wapya wa pamba. Alimvisha mumewe kiatu kilichomtoka. Kapteni alisimama mbele yake, mkono umefungwa kwa kanga, akamweleza yote kuhusu filimbi.

"Na aliyempiga?" aliuliza Sikuzani.

Nyanda akanikanyaga mguu. Nikauchomoa.

"Dada," nilisema, watu wote wakisikia, "kesho asubuhi nakwenda nawe polisi Bariadi. Nitataja rungu la kwanza, na nitataja jina la mwenye rungu. Ni Kija. Ni mimi."