Lita Arobaini na Moja

Mume wangu Nosrat ana adabu nyingi kuliko petroli, na siku ile adabu hizo nusura zinikoseshe mama yangu.

Kaka yangu Yadollah alipiga simu asubuhi kutoka Birjand. "Touba, njoo leo. Daktari kasema tusingoje kesho. Anakuulizia wewe tu." Sisi tuko Kerman, na kati yetu na Birjand kuna karibu kilomita mia sita za jangwa. Sikuiogopa njia. Kadi yetu ya mafuta ilikuwa na lita sabini na moja za bei ya serikali, na kila lita niliipigania mwenyewe. Miezi miwili nilikwenda sokoni kwa miguu. Nosrat, mwalimu mstaafu, alipanda basi kwenda kuonana na wenzake huku akinung'unika. Nje ya mgao huo lita ni bei mara mbili, tena ukibahatika kuipata.

Kituoni, kabla hatujaweka hata tone, akatujia bwana mmoja wa Pejo nyeupe, suti imenyooka.

"Mwalimu, samahani sana, mgao wangu umekwisha. Niazime kadi yako, lita kumi tu."

"Kumi za nini? Jaza, ndugu yangu! Kadi yako hiyo."

Kwetu maneno hayo ni kama salamu. Aliyelelewa vizuri hukataa, hukataa tena, kisha huchukua kile tu alichoomba mwanzo. Huyu hakukataa hata mara moja. Mimi nimekaa ndani ya gari natazama namba zinavyokimbia: kumi, ishirini, thelathini. Zikasimama arobaini na moja. Akatoa pochi.

"Nikuongezee kiasi gani kwa wema wako, mwalimu?"

"Aa, bwana, hata usitaje!"

Pochi ikarudi mfukoni papo hapo.

"Umempa yule mtu mama yangu," nikamwambia Nosrat alipoingia garini.

"Ningefanyaje, Touba? Nimnyang'anye mbele za watu?"

"Ndiyo! Ungemnyang'anya!"

Masikio yake yalikuwa mekundu. Tuliweka lita thelathini zilizobaki, tukajipa moyo kwamba njiani tutanunua kwa bei ya juu.

Mchana tulifika kituo cha katikati ya jangwa, tangi likiwa karibu kukauka. Mtu wa pampu hakuinuka hata kwenye kiti.

"Kadi ya kituo, ile ya bei ya juu, imefungwa mpaka kesho. Muombeni mwenye gari awape yake."

Hapakuwa na gari. Tulikaa saa nzima, simu mkononi, na mimi naogopa isije ikalia. Hatimaye likaja pikapu la buluu limesheheni mizinga ya nyuki. Nosrat akamwendea dereva, mkono kifuani, akaanza kumuuliza habari za afya, za watoto, za mvua, za nyuki. Nilitaka kupiga kelele. Mwishowe akalitoa ombi lake.

"Kadi yako hii, mzee wangu," dereva akasema. "Na mimi mwenyewe ni wako."

"Hapana, hapana, tutakusumbua."

"Chukua, mzee."

"Haki ya Mungu, siwezi."

Dereva akaanza kuirudisha kadi mfukoni. Nikashuka, nikaishika. Alikuwa ameibana kwa vidole viwili, na kuibana kwake nilikuelewa vizuri sana. Nikaivuta.

"Touba!" Nosrat akasema.

Nilijaza mwenyewe. Zilipofika lita kumi, dereva akanisogelea, sauti ya chini. "Mama, mimi naenda Kerman. Nyuki hawastahimili jua hili."

Nilimsikia. Sikuachia mkono wa pampu mpaka ishirini na tano, mgao wake ulipokwisha.

Nilimpa kadi yake pamoja na pesa, nyingi kuliko bei. Akazisukuma nyuma huku akitazama chini. "Si kitu, mama." Uso wake ulikuwa uleule wa Nosrat asubuhi. Nikaziweka juu ya boneti, ingawa nilijua pale pesa hazinunui hata lita moja. Tulipoondoka nilitazama nyuma. Pikapu lilikuwa bado limesimama juani, na dereva alikuwa anatafuta kitambaa cha kuifunika mizinga.

Nosrat hakunisemesha mpaka Birjand. Laiti angenigombeza.

Tulimkuta mama anapumua. Alinijua kwa mkono, akaushika na kuupapasa kidole kimoja kimoja, nami nililia kwa furaha na kwa aibu, sijui kipi zaidi. Mama yangu alikuwa mtu wa kubana matumizi maisha yake yote, na hata pale alitaka kujua.

"Mafuta ya safari yote hii mmeyapata wapi, siku hizi?"

Nosrat aligeukia dirishani.

"Tulipewa, mama," nikasema.

"Mungu ambariki aliyewapa," akasema, na akaning'ang'ania nami niseme amina.