Doa la Katikati

...hapana, si ukungu tu, daktari anasema, ukungu ni wa mtoto wa jicho na huo tunaweza kuuondoa, mama, lakini lile doa la katikati ni retina yenyewe, utando wa nyuma ya jicho, imechakaa, hilo hakuna upasuaji wa kulifuta, ukipasuliwa utapata mwanga zaidi, pembeni kutasafika, ila yule unayemtazama usoni bado hutamwona... na yeye hakuja hapa kutafuta mwanga, mwanga wa nini, amekuja kutafuta uso mmoja tu, uso wa huyu mdogo wake aliyekaa kiti cha pili na kumshikia mkoba, aliyemfundisha mwenyewe kutia uzi kwenye cherehani na leo ndiye fundi mkuu, auone huo uso siku atakapomlipizia kisasi, usawijike, autazame mpaka aukinai, kisha macho na yafe... "Dada, unamsikia daktari?" anasikia, mbona, masikio hayajachakaa, aliisikia vizuri sauti hiyohiyo siku ile dukani, wateja wamejaa, lile gauni la mahameli la bibi harusi limeinuliwa juu, mkono mmoja wa gauni yeye mwenyewe ameukata manyoya ya kitambaa yakipanda na mwingine yakishuka, mmoja unang'aa, mwingine umefifia, kama nguo mbili, "jamani, dada yangu macho yamekwisha, kazi nileteeni mimi," na bibi harusi akaangua kicheko... angepitisha kiganja tu juu ya kitambaa kabla ya kukata, miaka thelathini alipitisha kiganja, siku hiyo hakupitisha, kwa sababu huyu alikuwa amesimama anamwangalia, na kupapasa mbele yake ni kukiri kwamba haoni, basi kosa la nani, la huyu, huyu na macho yake mazima... "Upasuaji nao una hatari zake," daktari anasema, kalamu juu ya fomu, "uamuzi ni wako, mama"... anageuka kumkodolea mdogo wake na mdogo anatoweka, limebaki shimo la kijivu lenye mabega, anatazama mlangoni asije akalia yeye, na hapo, pembeni kabisa mwa jicho, uso unajitokeza, si wote, shavu, mdomo uliopinda, mkono unapeleka leso machoni, unashuka, unapeleka tena... analia, kumbe analia huyu, tangu lini... "Mama? Tukufanyie?"... ngoja kwanza, daktari, asimharakishe, anazikazia macho bawaba za mlango wala hapepesi, amwone mdogo wake vizuri.