Talaka ya Mfalme wa Karvenia

Mjumbe kutoka Karvenia alifika nyumbani kwa kina Lamya, mtaa wa Al Khoudh, Maskati, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mama wa makamo, kavaa suti nyeusi na joto lote lile. Lamya alimkaribisha sebuleni, akammiminia kahawa, akamsikiliza.

"Duke Radomir amekamatwa," alisema yule mama. "Barua mlizotoroka nazo, mkatutumia, zimethibitisha kwamba ndiye aliyemtilia sumu mfalme, kaka yake. Baraza linamtaka mumeo Aurel arudi akatawazwe kwenye kiti cha baba yake. Lakini peke yake. Sheria yetu haimtambui malkia mgeni."

"Na asiporudi?"

"Atatawala mtoto wa Radomir. Na Pavel hatatoka gerezani."

Pavel ndiye dereva wa gari la dobi aliyewavusha mpaka, Lamya na Aurel wamejifunika mashuka machafu, barua zimeshonwa ndani ya koti la Lamya. Kule Karvenia Lamya alikwenda kusoma tu. Akarudi Maskati na mtu anayewindwa. Aurel alisilimu, wakaozeshwa papo hapo sebuleni, na tangu siku ile akajificha mtaa wa Ghala, akitengeneza magari katika gereji ya Mutasim, kaka yake Lamya.

Lamya akashika njia ya Ghala. Alingoja moyo umpasuke. Haukupasuka. Taa ikawa nyekundu, akasimama. Ikawa kijani, akaenda.

Aurel alitoka chini ya pikapu, mikono imejaa grisi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Siendi," alisema, kwa Kiswahili alichofunzwa na mkwewe. "Nchi yangu wewe."

"Pavel ana watoto watatu."

"Wataka niende?"

Lamya alijipapasa moyoni kama mtu agusaye jino lililotiwa ganzi.

"Nenda," alisema.

Aurel akatamka talaka mbele ya Mutasim, huku akilia. Lamya akampa kitambaa afute mikono.

Mwezi uliofuata, Bi Bakhita, mama yake Lamya, alifungua televisheni. Aurel alikuwa amevishwa taji, uso umemsinyaa. Nyuma yake alisimama Pavel, kakonda, kamshika binti yake mkono.

"Lia, mwanangu, upoe."

"Nnataka kulia, mama. Hayaji."

Bi Bakhita akaizima. Akamlaza kichwa mapajani, akamfumua nywele, akaanza kuzichana. Kitana kilikwama nyuma ya sikio, kikamuuma.

"Hapo," alisema Lamya. "Pole pole hapo."