Bi Tabu Haishushi

Kila ilipofika tarehe mosi Desemba, Bi Tabu alifungua kasha lake, akatoa bendera, akaipiga pasi ya mkaa, kisha akaifunga kwenye ubao mrefu uliosimama ubavuni mwa banda lake la chakula pale Keko, katikati ya maseremala. Ilikaa juu siku tisa. Jua la tarehe tisa likizama aliishusha, akaikunja, akairudisha kashani. Ilikuwa ya kijani juu na chini, nyeusi katikati, na kila upande wa ule weusi palipita utepe mwembamba wa manjano.

Miaka kumi na minne alipika pale na hakuna aliyemuuliza. Maseremala walitazama zile rangi wakajijibu wenyewe kwamba mama ni Yanga. Salumu, fundi wa makabati, mtu ambaye timu yake ikifungwa chakula hakipiti kooni, alikuwa akiipigia ile bendera saluti kila asubuhi. Wapenzi wa Simba walikaa benchi la upande wa pili na kuapa kwamba wali wa chini ya bendera una mawe. Bi Tabu alicheka nao, akawapakulia wote. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Baadaye alikuja kuona kwamba kunyamaza kule ndiko kulikokuwa kosa lake.

Mwaka 1993 haukuwa kama miaka mingine. Jina la Tanganyika lilikuwa limetajwa bungeni, wabunge wakidai serikali yake irudishwe, na tangu litajwe watu hawakutulia. Walibishana misikitini baada ya swala na makanisani baada ya misa, na magazeti, ambayo siku zile yalizaliwa moja leo jingine kesho, yalichochea moto. Mojawapo lilichapa picha ya bendera ya zamani na kueleza rangi zake moja moja. Tarehe tatu asubuhi Gaudens alifika bandani akiwa na gazeti hilo kwapani.

Gaudens alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa maseremala. Kiwanja chote kilikuwa cha ushirika, pamoja na zile hatua chache ambapo Bi Tabu alisimamisha mafiga yake. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, akakataa chai, akafungua gazeti mezani.

"Mama, hii siyo ya Yanga."

"Nani alikwambia ni ya Yanga?"

"Kila mtu anasema hivyo."

"Mimi nilikwambia?"

Gaudens akalisukuma gazeti kando. Akavuta benchi, akaeleza taratibu. Jumanne wangekuja wakaguzi wa serikali kuangalia madawati ya mfano. Yakiwapendeza, ushirika ungepata tenda ya shule nyingi, na watu arobaini pale wangekuwa na kazi ya uhakika, maana tangu masofa ya nje yaanze kuingia nchini, wateja walikuwa wanapita tu na kupunga mkono. Hakuwa na ugomvi na mama. Alichoomba ni kitambaa kishuke siku hiyo moja. Wakaguzi wakiondoka, akipandishe tena mpaka mbinguni akitaka.

Lilikuwa ombi la mtu mwenye akili, na Bi Tabu alilisikia hivyo. Lau angeishia kwenye "naomba", huenda lingepita. Lakini Gaudens alikunja gazeti akaongeza, "Bendera kama hii, mama, mtu mzima anaionea aibu."

"Basi itakaa," Bi Tabu alisema.

"Itakaa wapi?"

"Hapo hapo ilipo."

Gaudens akasimama. Akamwambia, kwa sauti ambayo randa zote za jirani zilinyamaza kuisikiliza, kwamba Jumanne ama bendera haipo, ama banda halipo.

Bi Tabu alirudi kwenye maharage yake, lakini akili ilikuwa mbali. Aibu. Mwaka sitini na moja alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpinda pindo katika kiwanda kidogo cha cherehani Kariakoo. Wiki tatu nzima kabla ya Uhuru walishona bendera tu. Alipinda mpaka ncha za vidole zikavimba, na nyingine alizipinda kwa meno na machozi. Moja ilitoka na ule mkanda mweusi umepinda kidogo upande wa kulia. Fundi mkuu akaitupa kwenye matambara, yeye akaiokota. Alipofika nayo nyumbani, mama yake, aliyewafulia Wazungu Oysterbay miaka ishirini kwa mikono iliyobambuka kwa sabuni, aliipangusa mikono ile kwenye kanga kwanza ndipo akaigusa bendera. Aliigusa tu, kama unavyogusa uso wa mtoto aliyelala. Miaka miwili na nusu baadaye nchi ikaungana na Zanzibar, ikapewa jina jipya na bendera mpya, na hakuna aliyepiga hodi kumuuliza Bi Tabu ile yake aiweke wapi.

Jumamosi akaja mwingine. Huyu aliitwa Didas, kijana wa mjini, koti zuri, makaratasi mkononi. Alikuwa amesikia habari. Akampa Bi Tabu mkono kwa mikono yake miwili, akamwita shujaa wa Tanganyika, akaagiza wali samaki, na huku akila akaomba aazimwe bendera kwa mkutano wa wenzake wanaoidai Tanganyika. Walikuwa upande mmoja, alisema, maana Wazanzibari wamewanyonya vya kutosha na sasa warudi kwao wakale karafuu zao.

Bi Tabu akaichukua sahani kutoka mbele yake. Samaki alikuwa hajageuzwa upande wa pili.

"Mie sina upande na wewe," akamwambia. "Na hii haiazimwi."

Wapenzi wa Simba na wa Yanga walicheka pamoja siku hiyo, jambo lisilotokea mara nyingi, na Didas aliondoka akiwa ameshika kijiko.

Aliyemshinda kumjibu alikuwa Naima. Naima alikuwa mpangaji wake, mwanamke wa Pemba, mwaka wa sita sasa ndani ya nyumba ile. Walikuwa wanachota maji pipa moja na kugongeana mlango wakati wa daku. Jioni ya Jumapili Bi Tabu alimkuta uani anachambua mchele, naye Naima hakuinua uso.

"Bi Tabu, ile bendera yatufukuza?"

"Nani kakwambia?"

"Soko zima lasema. Miaka sita napita chini yake nikidhani ni ya mpira."

Bi Tabu akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Akamwambia kwamba mtu akifa husomewa hitima, na anayemsomea hitima mama yake hataki mama afufuke aje kudai chumba. Anakataa tu kusema kwamba hakuwahi kuwa na mama. Bendera ile ilikuwa hivyo kwake. Nchi yake ilikufa, sawa, iliyozaliwa aliipenda na ndani yake alizaa wanawe wote. Lakini asiambiwe kuionea aibu.

Naima alipepeta ungo mara mbili tatu. "Hitima husomwa ndani. Weye waisomea barabarani."

"Kimya kimya nimeisoma miaka kumi na minne. Wakaniona shabiki wa mpira."

Naima akakusanya mchele wake. Aliinuka na ungo wake, akaingia chumbani. Bi Tabu alibaki uani mpaka mbu wakamtoa. Angeweza kuvumilia kupoteza banda. Kupoteza jirani kulikuwa kitu kingine. Bado, alipojiuliza kama angeishusha, mkono haukukubali.

Jumatatu Salumu alikuja na mpango. Alikuwa amekata herufi tano kwenye kitambaa cheupe, kubwa, safi, kazi ya mtu aliyezoea kupima. Wazishikize juu ya ule weusi, asubuhi tu, lisomeke jina la timu. Nani angekuwa na neno? Hata wale wa Simba walimuunga mkono, na mmoja akasema yuko tayari kula yamini kwamba ni ya Yanga, ingawa angeumwa tumbo wiki nzima.

"Mama yangu, ni uongo mdogo," Salumu alibembeleza. "Tunaomba kazi tu."

Bi Tabu alizitazama zile herufi, akazisifia, akamrudishia.

Jumanne saa nne wakaguzi walishuka. Waliongozwa na Mama Atuganile, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani na kubeba daftari. Alikalia madawati, akayatikisa, akapitisha kiganja kwenye mbao kutafuta vibanzi, akaonekana kuridhika. Wakati wa kuondoka akaliona lile banda. Akasogea, akainua kichwa.

"Hii ya Yanga?"

Kiwanja kizima kiligeuka. Gaudens alikuwa nyuma ya mgeni, ameshika mikono kifuani kama anayeomba. Salumu alikuwa anatikisa kichwa kwenda chini, kwenda juu, taratibu, akimfundisha mama kuitikia.

"Siyo," alisema Bi Tabu. "Hii ni bendera ya Tanganyika. Pindo lake nimelipinda mimi."

Mama Atuganile akasogeza miwani, akaitazama. "Nilikuwa darasa la tatu ilipopandishwa," alisema, kisha akafunga daftari, akaaga, akaingia garini. Kama lilikuwa jema au baya, hakuna aliyejua.

Gaudens hakutaka kungoja ajue. Alikuja bandani, akamwambia Bi Tabu kesho asimwone pale.

"Kesho ya nini?" Bi Tabu akamuuliza, huku keshamwaga maji ya moto kuzima kuni. "Mie naondoka sasa hivi."

Akang'oa ubao kwa mikono yake, bendera ikiwa juu yake, akavuka nao barabara. Alirudi kuchukua masufuria, safari tano, na wanaume arobaini wakimtazama kama waliogongomelewa chini. Upande wa pili, ukingoni mwa mtaro, hapakuwa na kivuli wala mwenye kiwanja. Akauchomeka ubao, akapanga mafiga upya.

Jumatano asubuhi Naima alitokea na ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akatazama juu, akachukua kigoda chake, akakiweka upande ambao kivuli cha bendera hakikufika.

"Mie nakaa huku," alisema.

"Kaa unapotaka. Nipe vitunguu."

Adhuhuri ilipofika, harufu ya nazi ilivuka barabara. Maseremala walisimama ukingoni upande wao, sahani mkononi, wakimtazama Gaudens aliyekuwa mlangoni mwa ofisi. Hatimaye Salumu akavuka, peke yake.

"Shikamoo, mama. Leo kuna nini?"

"Marahaba. Wali, maharage. Ila kwanza niambie, hii bendera ya nani?"

Salumu akatabasamu. "Ya Bi Tabu."

"Hilo jibu la mwoga. Na useme wasikie kule."

Salumu aligeuka akatazama ng'ambo, alikotoka mkate wake wa kila siku. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe juu ya kelele za misumeno, kwamba ile ni bendera ya Tanganyika.

Bi Tabu akafunua sufuria, akaanza kupakua.