Kikombe cha Kwanza

Sista Waruguru hakuwa mtu mbaya, hilo tuelewane mapema. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akipewa uongozi anaweza kuwaumiza watu huku anawapenda. Alipoletwa kusimamia kliniki moja ya akina mama karibu na mtaa wa Huruma, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, alikuwa ametoka kumzika mamake juzi tu. Hakumwambia mtu. Alivaa sare iliyonyooshwa kwa pasi, akaingia kazini utadhani hakuna lililotokea.

Enzi hizo sindano zilikuwa za glasi, zikichemshwa kila asubuhi juu ya stovu ya mafuta taa. Zikishatolewa, manesi hawakuizima stovu. Walibandika sufuria ya chai. Siku hiyo ya kwanza Nthoki, mkunga kutoka Kitui ambaye akina mama walimsifu mtaa mzima, alimpelekea Sista kikombe kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamwekea mezani kwa mikono miwili, asiseme kitu. Waruguru akawaza, haya, huyu naye ameanza kujipendekeza. Akaiacha chai ikapoa mpaka ikafunga utando.

Wiki hiyo hiyo akaipiga chai marufuku. Laini ya akina mama ilifika barabarani, watoto wanalia, na manesi wamekaa wanapiga soga? Haiwezekani. Na kweli laini ikafupika. Wakubwa wakaja kukagua, wakamsifu, naye akavimba kichwa kidogo, tusidanganyane.

Kisha akaja kujifungua jirani wa Nthoki, waliyeishi naye mlango kwa mlango. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mamake ilikataa kusimama, na ambulensi ikachelewa. Akafia mikononi mwa Nthoki. Nthoki akatoka akaegemea ukuta, aproni imelowa damu. Waruguru alimwona na moyo ukamuuma, ukamuuma kweli, ila yeye mwenyewe alipofiwa alivaa sare akaja kazini. Basi akamwambia kile alichokuwa akijiambia kila asubuhi.

"Badilisha aproni, Nthoki. Laini inangoja."

Nthoki akabadilisha aproni. Akapima watoto uzito, akadunga chanjo mpaka jioni, na kesho yake vilevile. Mwisho wa mwezi akaja kwa Sista, akasema kwa adabu kwamba kazi imemshinda. Akavua beji yake akaiweka mezani, pale pale alipokuwa ameweka kikombe.

Waruguru alikasirika. Akamlalamikia Phelister, nesi mkongwe kuliko wote, kwamba watu wa siku hizi hawana uvumilivu. Phelister alikuwa amenyamaza miezi mingi, na siku hiyo akachoka kunyamaza. Akamweleza kwamba kikombe cha kwanza hakikuwa cha mkubwa. Kilikuwa cha yule aliyeelemewa siku hiyo. Ukiletewa, huulizwi kitu. Unakaa, unakunywa, na wenzako wanakushikia laini yako mpaka moyo utulie.

Waruguru akauliza mbona basi yeye aliletewa, na hakuna aliyejua amefiwa.

"Nthoki alijua," Phelister akamjibu. "Alisema macho yako ni ya mtu aliyetoka kuzika."

Jamani! Waruguru aliingia chumba cha sindano, akafunga mlango, akamlilia mamake kilio kilichochelewa, kisha akamlilia Nthoki.

Jumapili, baada ya kanisa, akaenda nyumbani kwa Nthoki. Alimkuta amekipakata kile kichanga cha jirani, maana babake alikuwa kibaruani na hakukuwa na mwingine wa kukilea. Waruguru akaomba msamaha kwa maneno mengi. Akasema chai imerudi, stovu haizimwi tena, na beji yake iko pale pale mezani, hakuna aliyeigusa.

Nthoki alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sirudi, Sista," akasema taratibu, bila hasira. "Mngenipa kikombe siku ile, ningekuwa huko hadi leo."

Akakilaza kichanga kitandani, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamletea mgeni wake kwa mikono miwili, asiseme kitu. Safari hii Waruguru alikipokea. Chai ilikuwa moto, ikamchoma ulimi, naye hakukitua kikombe mpaka kikaisha.