Kandida Ahitimu Umaskini

Kandida alikuwa amemwinamia mumewe, akimgeuza ubavu ili kidonda cha mgongoni kipate hewa, aliposikia hodi. Hodi yenyewe ilikuwa ya watu wa ofisi, ile inayobishwa mtu akiwa tayari ndani ya ua. Akamkunjia Sadock kanga chini ya kiuno, akanawa mikono, akatoka.

Alikuwa Calvin, kijana anayesimamia ruzuku ya kaya maskini pale Nakwa, pamoja na wajumbe wa mtaa, majirani zake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Herieli."

"Marahaba, baba. Karibuni. Viti ndiyo hivyo, havitoshi."

"Hatukai. Tumekuja kuhakiki." Calvin akaangalia paa, akaangalia jiko, kisha macho yakatua kifuani mwa Kandida. Simu ya vitufe ilining'inia shingoni kwa uzi. "Hiyo ya nani?"

"Yangu. Ya ile ruzuku. Si wewe ulisema mkutanoni kwamba asiyeweza kuja foleni atatumiwa kwenye simu, mradi laini iwe ya jina lake? Mzee simwachi tena. Awamu iliyopita nilimwacha, nikarudi nikamkuta chini, siafu wamemjaa. Nikauza mitetea yote."

"Kumbe na mitetea ilikuwepo!" akadakia Rosa, mmoja wa wajumbe. Wakacheka.

"Nilisema mwenye simu," Calvin akasema. "Sikusema maskini akanunue. Mtu ananunua simu, mama, nitamwandikaje hana kitu? Wakaguzi wa mkoani wakija niwajibu nini?"

"Basi ichukueni. Nitakuja foleni."

"Foleni ya nini? Wewe umeshatoka huko." Akamgeukia Rosa. "Au nasema uongo?"

Rosa, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amempa Kandida chumvi ya kupikia, akatazama kucha zake.

"Ni kweli, mwezeshaji."

"Mkoa wetu huu bado mchanga. Tunataka mifano kama yenu." Calvin akapaza sauti. "Jamani, mwenzetu amehitimu. Makofi kidogo!"

Wakapiga. Kandida hakujua afanye nini na mikono yake. Akakunja goti kama alivyofunzwa kwao, akasema asante.

Ndani Sadock aliyasikia makofi. Na yeye akaanza kupiga, polepole, kwa mkono wake mmoja ulio mzima, kwenye ukuta wa udongo.