Hodi ya Kidole

Ziada alikuwa akimshonea mumewe Issa kofia, na mume akafariki kabla haijaisha. Alipotoka eda aliishika tena, lakini mwezi uleule, akifyeka shamba la mikorosho kule Pande, panga lilimteleza likamkata kifundo cha mkono wa kulia. Daktari mjini Lindi aliuunga mshipa wa fahamu. Hata hivyo kidole gumba, cha shahada na cha kati vikawa kama vya mtu mwingine, havihisi kitu.

"Mshipa unaota upya, mama, ila polepole," daktari alimwambia. "Kwenye utando wa ncha yake kuna protini, ukoo mzima. Kazi yao kupiga hodi. Panapoitikiwa, mshipa unapita, unapofukuzwa, unageuka. Ndivyo unavyokijua kidole chake."

Katika maneno yote hayo Ziada alishika moja: protini. Mkwewe Warda akapika pweza, dagaa, kunde, kisha pweza tena.

"Mama, baharini kumebaki pweza kweli?" mwanawe Hussen aliuliza, akisukuma sahani.

"Kula. Mkono wangu unajengwa."

Ziada aliporudi kliniki na kumweleza daktari habari za pweza, daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Chakula kizuri, endelea. Lakini hizi nilizosema mwili unazitengeneza wenyewe, zinakaa hukohuko kwenye mshipa. Pweza hajui njia ya kidoleni."

Mbele ya daktari Ziada alicheka pia. Nyumbani aliitazama kofia. Jirani alijitolea kuimalizia, akakataa. Hakutaka mkono mwingine uingie humo. Kila alasiri alishona kwa macho tu, mishono ikaenda upande, Warda akaifumua.

Miezi ikapita. Kikaanza kitu kama sisimizi kiganjani, kikapanda taratibu kuelekea vidoleni. Hakumwambia mtu, aliogopa kujidanganya.

Halafu, Ijumaa moja baada ya sala, alipiga ukelele.

Warda alitoka jikoni mbio. "Umejikata tena, mama?"

"Sindano! Imenichoma cha shahada!"

"Maskini, pole mama."

"Usinipe pole, mwanangu! Imeniuma! Inauma kwelikweli!"

Warda akaelewa, akakaa chini palepale mkekani, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo leo hatuli pweza?" Hussen aliuliza toka mlangoni.

Ziada aliisogeza kofia isipate damu, akakiinamia kidole chake. "Karibu," akakiambia. "Karibu ndani." Machozi yakamtoka, naye akayaacha. Kisha akaitafuta sindano, bila kutazama.